Makombo ya Granite Park: uchambuzi wa kisa cha dubu wa Glacier, 1967

Hifadhi ya Taifa ya Glacier, katika jimbo la Montana nchini Marekani, ilianzishwa mwaka 1910. Kwa miaka 57 iliyofuata hakuna mtu aliyeuawa na dubu ndani ya mipaka yake, ingawa dubu walikuwemo muda wote, weusi na wale wakubwa wa kahawia waitwao grizli. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967, wakauawa wasichana wawili. Wote walikuwa na umri wa miaka 19, wote walikuwa wafanyakazi wa msimu wa kiangazi katika hoteli za hifadhi, na wote walishambuliwa wakiwa ndani ya mifuko yao ya kulalia. Kati yao kulikuwa na kilomita kama 15 za milima na misitu. Aliyemuua mmoja siye aliyemuua mwingine: walikuwa grizli wawili tofauti, na saa chache tu zilipita kati ya shambulio la kwanza na la pili.

Sadfa ya namna hiyo humsukuma mtu kutafuta sababu ya ajabu, na sababu za ajabu zilitafutwa kweli, kama tutakavyoona. Mimi kinachonivuta si usiku wenyewe. Ni wiki na miaka iliyoutangulia, maana maamuzi karibu yote yaliyowaua wasichana wale yalifanywa humo, mengi yakiwa mchana kweupe, na watu wenye akili timamu ambao hawakumtakia mabaya mtu yeyote.

Maonyesho ya jioni

Granite Park Chalet ni nyumba ya wageni ya mawe iliyojengwa na kampuni ya reli ya Great Northern miaka ya 1914 na 1915, juu milimani ambako barabara haifiki. Mgeni hufika kwa miguu au juu ya mnyama. Nyumba yenye wageni wengi hutoa makombo mengi, na mahali pasipo na barabara makombo ni mzigo wa kuteremshwa. Kulikuwa na tanuri la kuchomea taka, lakini lilizidiwa na wingi wa wageni. Kilichobaki jikoni kilimwagwa kwenye korongo dogo nyuma ya jengo.

Grizli hawakuchelewa kupajua. Wakawa wanakuja usiku baada ya usiku, na wageni wakawa wanatoka kuwatazama wakila. Sifa ikaenea, wakapatikana watu waliopanda mlima ule mahsusi kwa ajili ya dubu wa jioni. Kanuni za hifadhi zilikataza kuwalisha dubu, na watumishi wa hifadhi walizijua kanuni hizo vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini walijua pia kinachoendelea pale nyuma, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kudhurika, kilionekana kuwa kivutio.

Wataalamu hutenganisha mazoea mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni dubu kumzoea binadamu: anamwona njiani, hana habari naye, anaendelea kula matunda yake ya porini. Dubu huyu ana hatari yake, kwa sababu watu humsogelea kupita kiasi, lakini bado anaishi kwa chakula chake. La pili ni dubu kuzoea chakula cha binadamu. Huyu ameshafunzwa kwamba harufu ya mtu, moshi wa jiko, begi, hema na sauti za kambini ni dalili za mlo. Hofu yake ya asili, ile inayomfanya grizli mwenye afya akae mbali na watu hata pale ambapo angeweza kuwaponda, imebadilishwa kuwa matumaini. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa taabu haimwendei aliyeanzisha mazoea. Mpishi aliyemwaga mafuta ya nyama korongoni alilala ndani ya kuta za mawe.

Nje ya kuta hizo, mita mia kadhaa chini ya nyumba, palikuwa na uwanja wa kupigia kambi. Huu ndio ukweli mmoja wa kisa hiki ambao kila ninapoufikiria napata shida kuamini kwamba ulipita bila pingamizi: hifadhi ilikuwa na mahali ambapo grizli walikusanyika kila usiku kula mabaki ya watu, na watu wakaruhusiwa kulala chini hapohapo jirani, bila hata turubai kati yao na giza. Wageni waliolipia chumba walitazama dubu kutoka mahali salama. Waliobeba mifuko ya kulalia mgongoni wakalala katika eneo ambalo dubu walilipitia kwenda na kurudi mezani.

Dubu mwembamba wa Trout Lake

Upande wa pili wa hadithi hauna maonyesho wala wapishi. Una dubu mmoja, jike mwembamba mwenye kichwa chembamba kisicho cha kawaida, aliyekuwa akisumbua watu majira yote ya kiangazi kati ya makazi yaliyo karibu na Lake McDonald na ziwa dogo la Trout Lake, nyuma ya mgongo wa Howe Ridge. Aliingia kwenye mapipa ya taka. Aliwafukuza wavuvi na kuwalazimisha kupanda miti. Alirarua mabegi na kula vilivyokuwemo. Alipopigiwa kelele hakukimbia, na hilo peke yake lilitosha kumweleza mtu anayejua dubu kwamba jambo fulani limeharibika.

Taarifa zilifika kwa maofisa, tena zaidi ya mara moja. Hatua ya maana haikuchukuliwa. Si kwamba hawakujali. Kiangazi kile kilikuwa kikavu na cha joto, na mnamo Agosti 11 dhoruba ya radi iliwasha moto sehemu nyingi za hifadhi kwa mpigo. Askari wote walioweza kushika sepetu walipelekwa motoni. Lakini moto ulikuwa na siku mbili tu. Dubu yule alikuwa na wiki kadhaa. Nadhani sababu ya kweli ni ile miaka 57. Taasisi ambayo haijawahi kuzika mtu kwa sababu fulani huamini kwamba sababu hiyo haizikishi.

Usiku wenyewe, Granite Park

Pale Granite Park, kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 18 na msichana wa miaka 19 walilala uwanjani chini ya nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa imejaa. Mnamo saa saba kasorobo usiku kijana aliamshwa na sauti ya mwenzake ikimnong'oneza ajifanye amekufa. Kishindo kikawatupa wote wawili nje ya mifuko yao. Dubu alimng'ata kijana, akamwacha, akamwendea msichana, akamrudia kijana, kisha akamrudia tena msichana. Kijana, akivuja damu, alijikaza asitoe sauti. Halafu akasikia mwenzake akiburutwa kuteremka mlima, akilia kwa maumivu, na sauti ikizidi kuwa mbali.

Kijana alipata nguvu za kukimbilia kwa wengine waliolala karibu, na kelele zikafika juu kwenye nyumba. Miongoni mwa wageni walikuwemo madaktari. Alikuwepo pia mtumishi wa hifadhi aliyeongoza wageni kupanda, naye alikuwa na redio, akaita makao makuu. Kijana akaletwa, akatibiwa juu ya meza, na helikopta ikaja na askari mwenye bunduki. Takribani saa mbili zilikuwa zimepita kabla ya kundi la watu kuteremka gizani kumtafuta msichana, wakiwa na moto wa kubeba na silaha moja. Walimkuta hai. Alifariki muda mfupi baada ya saa kumi alfajiri, akiwa amezungukwa na watu waliofanya kila walichoweza kwa vifaa vya jikoni na masanduku ya huduma ya kwanza.

Zile saa mbili zimejadiliwa sana. Wapo waliokuwa tayari kuteremka mara moja, wakazuiwa: kulikuwa na dubu aliyekwisha onja damu mahali fulani gizani, na hakuna aliyekuwa na silaha. Sitaki kuwahukumu walioamua kusubiri. Aliyekuwa na dhamana ya watu wale wote hakuwa na mpango wowote ulioandikwa wa kufuata, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba utahitajika. Kosa lilikuwa kwamba mahali panapovuta grizli kwa makusudi hapakuwa na bunduki wala mwongozo, na kosa hilo lilikuwa la miaka mingi.

Usiku uleule, ziwani

Saa hizohizo, vijana watano na mtoto wa mbwa walikuwa Trout Lake. Walikuwa wamefika mchana, wakavua samaki, na jioni wakawa wanapika samaki na soseji. Dubu mwembamba akatokea. Walikimbia kando ya ziwa, yeye akala walichokipika na kuondoka na begi moja.

Hapa ndipo palikuwa na uamuzi mgumu kuliko wote wa kisa hiki, na ni uamuzi ambao msafiri yeyote wa porini anaweza kujikuta nao. Giza linaingia. Njia ya kutoka inapanda mgongo wa mlima na kuteremka upande wa pili, katikati ya msitu. Dubu yuko mahali fulani, labda njiani. Wakaamua kubaki, ila wakahamia ufukweni, wakawasha moto mkubwa na kulala wakiuzunguka.

Kwa akili ya kawaida uamuzi huo unaeleweka, na wengi wetu tungeufanya. Lakini tazama alichokwisha jifunza dubu jioni ile: amekuja, watu wamekimbia, amekula, hakuna kilichomuuma. Kwa mnyama anayejifunza haraka namna ile, hilo ni somo lililokamilika. Kuhama mita chache kutoka pale alipolipwa hakubadilishi kitu. Moto nao haukuwa ngome waliyoifikiria. Kwa dubu wa aina hii moshi wa kambi ulikuwa ishara ya chakula tangu siku nyingi. Ama mbwa, kumchukua kwenye njia za hifadhi kulikatazwa, na ipo sababu: mbwa hubweka, humchokoza dubu, kisha humkimbilia bwana wake akiwa na dubu nyuma. Sioni ushahidi kwamba mtoto yule wa mbwa ndiye aliyeleta balaa. Chakula kilitosha.

Dubu alirudi usiku na kutwaa chakula kingine. Mnamo saa kumi na nusu alfajiri akarudi tena, safari hii akaja moja kwa moja kwa waliolala. Alimrarua mmoja shati. Kijana huyo akaruka na kukimbilia mti. Mmoja baada ya mwingine wakatoka kwenye mifuko yao na kupanda miti. Msichana wa miaka 19 hakuweza. Zipu ya mfuko wake haikufunguka, na wenzake, kutoka juu ya miti, walisikia akisema yanayompata mpaka akanyamaza. Kulipopambazuka walishuka na kukimbia kwenda kutoa taarifa, wakakuta askari wa hifadhi tayari wana habari za msichana mwingine.

Sababu za ajabu

Siku chache baadaye askari walimpiga risasi jike mwembamba karibu na Trout Lake. Tumboni alikuwa na nywele za binadamu, na kwenye magego yake kulikuwa na vipande vya kioo, kumbukumbu ya mapipa aliyoyatafuna. Kule Granite Park waliuawa grizli kadhaa waliokuja korongoni kama kawaida yao. Wale waliolishwa kama burudani wakapigwa risasi palepale walipolishwa, na si wote walikuwa na hatia.

Kisha yakaja maelezo. Wengine walisema radi iliwatia dubu wazimu. Wengine walitaja manukato na vipodozi. Lililodumu kuliko yote ni hedhi: kwamba harufu ya damu ya wanawake ndiyo iliyowavuta. Kwa miaka mingi wanawake wakashauriwa wasiingie nchi ya grizli wakiwa kwenye siku zao. Baadaye watafiti walilipima jambo hili kwa dubu weusi wasione mvuto wowote, na waliopitia kumbukumbu za mashambulizi ya grizli hawakupata uhusiano huo. Taka za hedhi zinapaswa kuhifadhiwa kama taka nyingine yoyote yenye harufu, basi.

Naona kwa nini nadharia ile ilipendwa. Ilihamisha sababu kutoka korongoni, ambako ilimwagwa na watu wenye mishahara, na kuiweka kwenye mwili wa marehemu. Nadharia ya radi nayo ilikuwa na faida kama hiyo: hakuna anayewajibika kwa radi. Ukiondoa zote mbili, kinachobaki ni mambo ya kawaida mno. Ni mwezi Agosti, na grizli wa milima ile wakati huo wanaingia kwenye ulaji wa kujinenepesha kwa usingizi wa majira ya baridi, ambapo dubu mkubwa anaweza kutafuta kalori 20,000 au zaidi kwa siku. Matunda madogo ya porini yakusanywe moja moja siku nzima, au zipatikane ndoo za mabaki kwa dakika kumi. Katika maeneo mawili ya hifadhi moja dubu walikuwa wamefundishwa jibu. Kwamba malipo yalifika usiku uleule ni sadfa, lakini kwamba yalifika haikuwa sadfa hata kidogo.

Kujifanya umekufa

Lipo jambo moja la kiufundi katika kisa hiki ambalo linastahili nafasi yake, kwa sababu ushauri unaozunguka kuhusu dubu mara nyingi hulikoroga. Msichana wa Granite Park alimwambia mwenzake ajifanye amekufa. Alijua alichokuwa akisema. Huo ni ushauri halali mpaka leo, ila kwa aina moja tu ya shambulio.

Grizli anayekutana na mtu ghafla njiani, hasa jike mwenye watoto au dubu aliyelala juu ya mzoga, anashambulia kujilinda. Anachotaka ni tishio liishe. Mtu akilala kifudifudi, begi likiwa bado mgongoni, mikono imefunika shingo, miguu imetanuliwa ili asigeuzwe kirahisi, na akatulia mpaka dubu aondoke na kufika mbali, mara nyingi shambulio hukoma. Akianza kupigana mapema anathibitisha kwamba ni tishio.

Lakini dubu anayekuja kwa mtu aliyelala usiku hakushtushwa na mtu. Amemfuata. Kadhalika dubu anayemwandama mtu mchana taratibu, masikio mbele, bila kelele, akimpima. Huyo anatafuta chakula, na kwa mtafuta chakula kitu kisichojitetea ni habari njema. Ushauri wa leo kwa shambulio la ndani ya hema au kitandani, awe grizli au dubu mweusi, ni kupigana kwa kila kilichopo: jiwe, fimbo, ngumi kwenye pua na macho, na kelele zote. Dubu mweusi anayegusa mtu hupiganwa naye wakati wowote. Kwa hiyo rangi na aina ya dubu, ambavyo watu hukazana kuvikariri, havitoshi. Swali lenye uzito ni kama dubu ameshtushwa au amekuja.

Sisemi kupigana kungewaokoa. Grizli ana kasi ya kilomita 56 kwa saa na nguvu ambazo hazina mizani na za binadamu. Kijana wa Granite Park alitulia na akapona, naye msichana alitulia pia mwanzoni. Mtu akishafika hapo, karata nyingi zimekwisha chezwa.

Kopo la pilipili halikuwepo mwaka 1967. Dawa ya pilipili ya kupuliza, iliyotengenezwa mahsusi kwa dubu, ilitokana na majaribio ya Chuo Kikuu cha Montana yaliyozaa matunda miaka ya 1980. Uchambuzi wa matukio ya Alaska uliochapishwa mwaka 2008 na Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao ulionyesha kwamba dawa hiyo ilisimamisha mwenendo mbaya wa dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya watu waliokuwa nayo katika makabiliano ya karibu hawakujeruhiwa. Ni namba nzuri kuliko nilivyotarajia nilipozisoma mara ya kwanza. Sharti lake ni kwamba kopo liwe kiunoni au kifuani, lisiwe ndani ya shanta, na mtu awe amefanya mazoezi ya kutoa kizibo cha usalama. Hupulizwa dubu akiwa mita kama 9 hivi, kuelekea chini kidogo mbele yake ili akimbilie ndani ya wingu. Na jambo ambalo watu hulikosea kwa njia ya kuchekesha kama lisingekuwa na madhara: halipakwi kwenye hema wala mwilini kama dawa ya mbu. Mabaki yake yanaweza hata kumvuta dubu aje kuchunguza.

Baada ya mazishi

Glacier ilibadilika haraka. Kumwaga makombo kulikomeshwa, na msafiri akatakiwa kutoka na kila alichoingia nacho. Kambi za porini zikawekewa mahali maalumu, zenye sehemu ya kupikia na kula iliyotengwa na sehemu ya kulala, na nguzo au nyaya za kuninginiza chakula. Njia zikaanza kufungwa pale dubu anapoonyesha dalili mbaya. Hivi leo vinaonekana ni vitu vya kawaida kabisa.

Katika hifadhi ya Yellowstone, upande wa kusini, tatizo lilikuwa kubwa zaidi na dawa ikawa chungu. Huko dubu walikuwa wamelishwa kwa vizazi, barabarani na majalalani. Kati ya 1931 na 1969 watu wapatao 48 walijeruhiwa na dubu kila mwaka kwa wastani. Baada ya usiku wa Glacier uongozi uliamua kufunga majalala, na la mwisho kubwa likafungwa mwaka 1970. Ndugu wawili watafiti, Frank na John Craighead, waliokuwa wamewafuatilia grizli wa Yellowstone kwa miaka, walionya kwamba majalala yakifungwa kwa ghafla dubu wataingia kambini kutafuta walichozoea. Uongozi ukashikilia msimamo wake. Dubu wakaingia kambini. Wengi wakauawa, na mwaka 1972 kijana mmoja akauawa karibu na chemchemi ya maji moto ya Old Faithful, kwenye kambi isiyo rasmi iliyokuwa na chakula kilichoachwa wazi. Kufikia 1975 grizli wa eneo zima la Yellowstone walikadiriwa kuwa 136 tu, na mwaka huo wakawekwa chini ya ulinzi wa sheria ya viumbe walio hatarini. Idadi yao imeongezeka mara kadhaa tangu hapo, wakila chakula chao wenyewe.

Mabishano ya haraka au polepole hayajaisha kati ya wanaoijua historia ile, nami nawaegemea akina Craighead. Lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo ambalo kabla ya Agosti 1967 halikuwa na uzito ofisini: dubu aliyeonja jalala ni deni, na litalipwa na dubu au na mtu.

Huko Glacier deni halikuisha mara moja. Kati ya 1910 na 2000 watu 10 waliuawa na dubu ndani ya hifadhi, na wote ni kuanzia usiku ule wa 1967. Wageni walikuwa wameongezeka sana na kuingia porini zaidi, kwa hiyo namba hiyo haipimi ubaya wa kanuni mpya. Inaonyesha tu kwamba kanuni hupunguza hatari na haziifuti.

Anayejiandaa kwenda nchi ya grizli leo anakuta mengi yameamuliwa kwa niaba yake: mahali pa kulala, chombo cha chuma au plastiki ngumu cha kuwekea chakula, umbali wa mita 91 kutoka kwa dubu yeyote anayeonekana. Yaliyobaki mikononi mwake ni machache. Apike na ale mbali na hema, mita kama 100 pakiwezekana, asilale na nguo zilizopikiwa, na aweke dawa ya meno pamoja na chakula kwa sababu dubu hatofautishi. Atembee na wenzake, apige sauti kwenye kona na kando ya mito inayonguruma, asikimbie kamwe. Alale ndani ya hema, na kabla ya kusinzia ahakikishe zipu ya mfuko inafunguka kwa mkono mmoja.

Na kabla ya kubeba shanta, apite ofisi ya askari wa hifadhi aulize swali ambalo vijana wa Trout Lake hawakupata wa kuwajibu: huko ninakokwenda, kuna dubu aliyepata chakula cha watu msimu huu? Akiambiwa ndiyo, na njia bado haijafungwa, achague ziwa jingine.